Samahani kwa Ile Video ya Bangi. Jibu Lilikuwa Kwenye Dari

Wasee, leo nina deni la kulipa, na si la Fuliza.

Wale mmekuwa hapa tangu 2022 mnakumbuka ile video. Mwaka wa uchaguzi, kampeni zimepamba moto, Profesa George Wajackoyah amefunga durag na kuvaa tracksuit, chama cha Roots kinaahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Na mimi niko pale nje ya Diamond Plaza, simu mkononi, nikipiga kelele: "Hempu! Nguo, karatasi, nyumba, magari! Henry Ford alitengeneza gari zima la hempu! Kenya tunangoja nini?"

Iliwaka. Ilikuwa video yangu ya kwanza kupita watazamaji elfu hamsini. Kwa wiki moja nilijiona mchumi.

Kitu sijawahi kuwaambia ni kilichofuata. Kuna jamaa tulisoma naye, sitamtaja. Aliiona ile video, akaanza kutafuta mbegu. Akapata "ajenti" mtandaoni, akaambiwa leseni za kulima hempu ziko njiani, lipa mapema uwekewe nafasi. Akatuma elfu kumi na tano, pesa ya vibarua vya miezi miwili. Ajenti akazima simu, mpaka leo. Huyu jamaa hajawahi kunilaumu. Mwaka jana aliniandikia mstari mmoja tu: "Kwani ile story ya hempu iliishia wapi?"

Nilisoma, nikafunga simu. Sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Na lilinipata nyumbani, hapa Parklands, nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Kilichoanguka ni kipande cha dari

Kama unaijua Parklands ya sasa, unajua kelele zake. Zile nyumba za zamani zenye bustani na miembe zinabomolewa moja moja, na kila avenyu kuna mjengo unapanda. Ghorofa yetu ni ya zamani kidogo, upande wa Highridge. Bafu ya jirani wa juu ikavuja, dari yetu ikavimba, na Jumapili moja kipande kikashuka karibu na kichwa changu.

Keateka akaleta fundi, mzee mmoja mpole na beseni lake. Akakoroga unga mweupe wa jipsamu na maji. Halafu akatia mkono kwenye gunia, akavuta kitu kama nywele ndefu, rangi ya maziwa ya chai. Akachovya kwenye plasta, akatandaza nyuma ya kile kipande kipya kama mtu anapanga mkeka.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Katani."

"Katani ni nini?"

Akaniangalia kama nimeuliza unga ni nini. "Makonge, msichana wangu. Kwani nyumbani ni wapi?"

"Makueni."

"Makueni, na hujui makonge?"

Niliona haya. Kwa susu yangu, mpaka wote wa shamba ni makonge. Nimechomwa na ile miba tangu nikiwa mdogo. Susu alikuwa akikata majani, anayakwangua mpaka ubaki uzi, anaanika, halafu jioni anasokota kamba juu ya paja akiongea. Nilikuwa najua makonge ya kamba na kiondo. Sikujua kwamba yako juu ya kichwa changu hapa Nairobi, yameshikilia dari.

Mzee akaokota kile kipande kilichoanguka, akakivunja kwa goti. Kilipasuka kati, lakini hakikuachana. Pande mbili zilibaki zinaning'inia, zimeshikwa na nyuzi.

"Plasta peke yake ni biskuti," akasema. "Hii ndiyo inashika."

Hapo ndipo nilinyamaza. Hicho ndicho kitu nilikuwa napigia kelele kwenye video. Niliita hempu, nikaitafuta Marekani na Ujerumani, na iko kwenye gunia la fundi wa Parklands.

Kwanza tuelewane: kompoziti ni nini?

Usiogope neno. Kompoziti ni vitu viwili vimeunganishwa ili kila kimoja kifunike udhaifu wa mwingine. Nyumba ya udongo ni mfano. Udongo ukikauka peke yake unapasuka. Changanya na nyasi, nyufa zinakosa njia ya kupita. Udongo unabeba uzito, nyasi inazuia kuvutwa. Babu zetu hawakuhitaji digrii kwa hilo.

Sasa badala ya udongo weka plastiki ama resini, ile gundi nzito inayoganda kama jiwe. Badala ya nyasi weka nyuzi. Umepata kompoziti ya kisasa. Nyuzi maarufu ni za kioo, na mafundi wa Nairobi huziita faiba. (Ndiyo, najua, ukisikia faiba unafikiria intaneti.) Bampa za nganya nyingi, matangi, boti, vile vifuniko vya pikipiki: faiba. Ni ngumu, inakubali kila umbo. Lakini kioo ni kizito kuliko nyuzi za mmea: sentimita moja ya ujazo ya kioo ina kama gramu 2.5, ya hempu au mkonge kama 1.5. Pia kutengeneza nyuzi za kioo kunataka tanuri linalozidi nyuzijoto elfu moja. Na uliza kijana yeyote anayepiga msasa faiba kuhusu ule mwasho. Anaoga mara tatu na bado anajikuna usiku.

Ndiyo maana watengenezaji wa magari wamerudi kwenye mimea. Na hapa lazima nirekebishe video yangu.

Gari la Henry Ford ni la kweli, lakini nililipamba. Lilionyeshwa Agosti 1941 kule Dearborn, Michigan. Lilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, na juu yake paneli za plastiki iliyotokana na mimea, soya ikitajwa kuwa mmoja wao. Fomula kamili haikuhifadhiwa, kwa hivyo mtu yeyote anayekuambia "gari zima la hempu" anakuuzia hadithi. Mimi niliwauzia. Samahani.

Lakini hempu kwenye magari ipo kweli. Mwaka 2019 Porsche walitoa gari la mashindano, 718 Cayman GT4 Clubsport, lenye milango na bawa la nyuma vya nyuzi za mimea, hasa kitani na hempu. BMW i3, ile ndogo ya umeme ya 2013, paneli zake za milango zilitumia kenafu, mmea wa ukoo mmoja na bamia. Hiyo sehemu ya video haikuwa uongo.

Halafu nikapata hii, nikacheka peke yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mercedes-Benz E-Class ilikuwa na paneli za milango za mkeka wa kitani na MKONGE, uliolowekwa kwenye resini ya epoksi. Uzito wa paneli ukapungua kama asilimia 20. E-Class za miaka hiyo bado zinapita Limuru Road kila siku. Mtu anaendesha Mercedes, ndani ya mlango kuna ndugu ya ua wa susu yangu, na sote tunaiita teknolojia ya Wazungu.

"Lakini hempu ni bora kuliko makonge"

Najua mtaleta hii, kwa hivyo niijibu mapema na kwa haki.

Ndiyo, uzi wa hempu kwa kawaida una nguvu na ugumu zaidi ya wa mkonge. Ndiyo, hempu huvunwa kwa kama miezi minne, na mkonge unakufanya ungoje kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Na ndiyo, mkonge una taka nyingi: katika kilo mia moja za majani, nyuzi ni kama kilo nne tu. Zingine zote ni maji na nyama ya jani.

Lakini tazama upande wa pili. Mkonge ukishaanza, unakatwa mwaka baada ya mwaka, hata zaidi ya miaka saba, mpaka utoe ule mlingoti wa maua na kufa. Unakua pale mahindi yamekataa: Makueni, Kitui, Taita Taveta, Baringo. Hautaki mvua ya kubembelezwa. Uzi wake unafyonza kishindo vizuri, na paneli ya mlango kazi yake ni hiyo hiyo. Kwa dari, paneli za ndani, viti na meza, hatuhitaji uzi wenye nguvu kuliko wote duniani. Tunahitaji uzi unaotosha, unaopatikana, na ambao hautakupeleka Kamiti.

Maana sheria iko wazi. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 haina sehemu inayosema "hii ni bangi ya kuvuta, hii ni ya kamba." Kwa mkulima wa Kenya, mmea wa bangi ni mmea wa bangi. Marekani waliweka mstari mwaka 2018: ikiwa na THC isiyozidi asilimia 0.3, ni zao la shamba kama mengine. Mimi bado naamini nasi tuweke mstari wetu, na siogopi kusema hivyo. Lakini mpaka Bunge libadilishe sheria, mtu yeyote anayekuuzia mbegu, shea au "nafasi" ya hempu hapa Kenya anakuuzia kesi. Ama anakuuzia hewa, kama alivyofanyiwa rafiki yangu.

Kinachoniuma ni hiki. Miaka yote hiyo tumekaa tukingoja mmea wa miujiza uhalalishwe, na mwenzake wa halali amesimama kwenye ua.

Mbona tukaudharau?

Historia yake inaeleza. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida iletwe Tanga. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkonge ukavuka mpaka, ukaingia Thika, Taita, pwani ya Kilifi. Kule Mwatate na Vipingo mashamba makubwa bado yapo.

Halafu ikaja plastiki. Kamba za polipropilini zikawa rahisi, nyepesi, haziozi. Wakulima wa Ulaya waliokuwa wakifunga nyasi kwa kamba ya mkonge wakahama. Kule Tanzania mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na usimamizi ukawa taabu juu ya taabu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wao ulikuwa chini ya tani 30,000.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee hawapendi kuisema kwa sauti. Makonge yalinuka ukoloni. Ilikuwa kazi ya kibarua, ya jua kali, miba na mshahara mdogo. Taita Taveta mpaka leo watu wana malalamiko ya ardhi kuhusu mashamba makubwa. Kwa hivyo nikisema "turudi kwa makonge", sisemi turudi kwa bwana shamba. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Leo Brazil inaongoza, Tanzania na Kenya zinafuata. Na sisi tunafanya nini na yetu? Tunafunga marobota, tunasafirisha nyuzi ghafi. China wananunua. Saudia wananunua. Nigeria wananunua, na mafundi wao wanatengeneza zile dari za plasta wanaziita POP, kazi ile ile ya yule mzee wangu wa Parklands. Halafu sisi tunaagiza faiba ya kioo kutoka nje ili tutengeneze bampa. Niambie kama hiyo hesabu inaingia akilini.

Tulishajaribu, na tukafeli. Hii ndiyo sehemu muhimu

Singependa mtoke hapa mkidhani makonge ni miujiza mipya. Nimeshawapotosha mara moja.

Miaka ya 1980 kulikuwa na msisimko mkubwa hapa Afrika Mashariki kuhusu vigae na mapaa ya saruji yaliyotiwa nyuzi za mkonge. Wazo lilikuwa zuri: paa la bei nafuu, nyuzi za hapa, ajira vijijini. Watafiti wa Uswidi walifanya kazi na wenzao wa Dar es Salaam kulichunguza, na Kenya pia vigae hivyo vilitengenezwa. Baada ya miaka michache, nyuzi zikawa zimeharibika ndani. Paa likabaki saruji tupu, nyembamba, linalovunjika.

Sababu ilikuwa kemia. Saruji ina alikali kali sana, na hiyo alikali inakula ile gundi ya asili inayoshikanisha uzi wa mkonge. Uzi unakauka, unakuwa kama tambi mbichi. Jipsamu haina ukali huo, ndiyo maana dari za zamani zilizotiwa katani ziko mpaka leo. Kwa hivyo uzi ule ule unafeli kwenye saruji na unadumu kwenye plasta. Lazima ujue unauoza na nani.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Usicheke. Nilinunua resini ya poliesta na dawa yake ya kugandisha kwenye duka moja la vifaa mjini, nikamwomba yule mzee katani kidogo, nikaenda kwenye roshani. Kipande cha kwanza kilikuwa aibu. Kilijaa mapovu, na nilipokivunja nyuzi zilichomoka nzima nzima, kavu, kama hazijawahi kukutana na resini. Uzi wa mmea unapenda maji na resini haiyapendi, kwa hivyo ukiweka uzi wenye unyevu, hawashikani.

Mara ya pili nilianika nyuzi juani siku mbili, nikazichana vizuri, nikazipanga upande mmoja, nikakamua hewa kwa chupa. Kile kipande kiko mezani kwangu sasa, nakiwekea kikombe. Ndugu yangu amekisimamia, hakijavunjika. Mama alilalamika kuhusu harufu wiki nzima, na alikuwa na haki. Ukijaribu, fanyia nje, vaa glavu na barakoa.

Viwandani hawaishii kwenye jua. Nyuzi huoshwa kwa soda kali iliyopimwa ili ngozi ya uzi iwe na makwaruzo, resini ipate pa kushika. Na hata hapo mipaka ipo. Uzi wa mmea unaanza kuungua ukipita nyuzijoto 200 hivi. Ukikaa na maji muda mrefu, unavimba na kuota ukungu. Siwezi kukuambia utengeneze fremu ya pikipiki ama kofia ya kinga kwa makonge kwenye roshani yako. Dari, paneli, kiti, meza, sawa.

Adui wawili waoane

Sasa hapa ndipo ninaposisimka kweli.

Ile polipropilini iliyoua soko la makonge, unajua iko wapi? Kila mahali. Yale magunia meupe ya sukari na unga, vifuniko vya chupa, ndoo, viti vya plastiki. Mwaka 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukafanya vizuri, lakini haya mengine bado yanaenda Dandora.

Na inayeyuka kwa kama nyuzijoto 165. Soma tena. Plastiki inayeyuka kwa 165, uzi wa mkonge unaanza kuungua baada ya 200. Pale katikati kuna dirisha. Unaweza kuyeyusha gunia kuukuu, ukachanganya na katani iliyokatwa, ukafinyanga paneli. Na tofauti na resini, ambayo ikiganda imeganda, hii unaweza kuiyeyusha tena.

Hata kuanza na taka si ndoto hapa Nairobi. Nzambi Matee na Gjenge Makers wanachanganya plastiki na mchanga, wanatengeneza matofali ya kupanga barabarani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtambua kati ya vijana mabingwa wa mazingira. Hayo matofali nayo ni kompoziti. Kule Lamu, Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki na ndala zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Hawa hawakungoja sheria ibadilishwe, wala hawakutuma pesa kwa ajenti.

Halafu fikiria magari ya umeme. Roam wanaunda pikipiki za umeme hapa hapa Nairobi. BasiGo wana mabasi ya umeme barabarani. Kwenye chombo cha umeme, kila kilo unayopunguza betri inaishukuru. Kama paneli ya ndani inaweza kuwa nyepesi, itoke Makueni, na isimwashe anayeipiga msasa, mbona tuagize ya kioo?

Ninachotaka, bila kuzunguka

Kwanza, nyinyi mnaosomea uhandisi. Kule Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kina idara ya uhandisi wa nguo. Hapa Nairobi kuna KIRDI. Wanafunzi wamepima nyuzi za mkonge kwenye plastiki kwa miaka, na kazi nyingi zimelala kwenye rafu. Mradi wako wa mwaka wa mwisho usiishie kwenye rafu. Tengeneza paneli moja, ipeleke kwa fundi wa matatu, mwambie aipige nyundo mbele yako.

Pili, serikali za kaunti. Mnanunua madawati kila mwaka. KEBS waweke kiwango cha bodi ya mkonge, halafu kaunti zinunue kiasi kidogo tu za kuanzia. Fundi hatawekeza kwenye kitu ambacho hakina mteja.

Tatu, na hii ndiyo nilisema nitairudia: mashine iwe kijijini. Susu yangu anauza uzi ghafi kwa mtu wa kati, na bei anaiambiwa, haambiwi ajadiliane. Mashine ya kuchakata ikiwa ya chama cha wakulima, uzi ukatoka umeoshwa, umechanwa na umepangwa kwa daraja, hapo susu ana kitu cha kusimamia. Kama faida yote itabaki kwa mwenye shamba kubwa na mwenye kiwanda cha Nairobi, tutakuwa tumerudisha ukoloni na kuupaka rangi ya kijani. Mimi kwa hiyo simo.

Nne, sisi tunaotengeneza kontenti. Mtu akituma pesa kwa sababu ya sentensi yako, hiyo sentensi ni yako. Sikumwambia jamaa yangu amlipe ajenti yule. Lakini nilimpa joto bila kumpa habari. Sikusema kwamba sheria bado inakataza. Sikusema kwamba gari la Ford halikuwa gari zima la hempu. Kelele zilikuwa tamu kuliko ukweli, na zikaniletea wafuasi. Ile video nimeiacha hapo juu, sijaifuta, lakini nimebandika maelezo haya juu yake ili mtu mwingine asiingie kwenye mtego huo huo.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule jamaa. Nilimtumia elfu saba, nusu ya zile zake karibu. Mwanzoni alikataa, halafu akapokea. Nikamtumia pia picha ya kile kipande changu cha katani kilicho chini ya kikombe, nikamwandikia: "Uliniuliza ile story iliishia wapi. Iliishia hapa."

Akajibu: "Hii ni ile ya kwenye ua wa kwetu?"

Nyumbani kwao ni Mwingi. Mwezi ujao tunaenda wote wawili na panga na gunia. Nikirudi nitawaambia uzi uligharimu nini, tulipoteza kiasi gani, na kama paneli ilisimama ama ilivunjika. Hata ikivunjika nitaipost.